Uso Usikaliwe

Kitambaa kimeshuka leo kwa lori la komini, marobota kumi na mawili,
na Bwana Nkulu juu yake, kalamu sikioni,
orodha ya barabara yetu mkononi, nyumba kwa nyumba, kiuno kwa kiuno.
Hadi Jumapili, anasema. Kila mama wa Katuba avae.

Nakijua. Nimekishona miaka ishirini.
Majani yale yale, mwenge ule ule,
duara lile lile la njano, upana wa sahani ya bukari.
Ndani ya duara tu ndipo walipobadilisha:
baba katoka, mwana kaingia,
na rangi ya shavu lake bado inashika vidoleni.

Sheria za kukata hazikubadilika.
Uso uangukie kifuani au katikati ya mgongo.
Mshono usipite shingoni. Mkasi usiguse jicho.
Na uso usikaliwe.
Fundi Kaseba wa ng'ambo ya reli alikosea vidole vinne,
mteja wake akaonekana kanisani
ameketi, maskini, juu ya pua ya taifa.
Cherehani ya Kaseba iliuzwa mwezi ule ule.
Sikuuliza aliyeinunua ni nani.

Redio ilipiga tarumbeta siku tatu bila kusema kisa.
Siku ya nne sauti moja nzito ikatangaza
kwamba wananchi wote, kwa kauli moja, wameomba mwana.
Mimi nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya shule.
Nikaondoa mguu kwenye kanyagio,
nikajaribu kukumbuka niliomba saa ngapi.
Mama Chola akachungulia juu ya ukuta.
Tukaongea bei ya makala.

Mpaka umefungwa tena. Barua za dada yangu wa Ndola
hunifikia zimeshafunguliwa, zimebandikwa upya kwa uji,
na sentensi moja katikati imeondolewa kwa wembe,
kazi safi, lazima niseme, kazi ya fundi.

Nami nina daftari langu la vipimo.
Wakaguzi wamelifunua mara mbili, wakaona namba, wakapiga miayo.
Musonda wa posta, kiuno sabini na nane, bega la kushoto liko chini.
Mwalimu Kapya, shingo thelathini na tisa.
Mama Ngoie aliyeuliza bei ya ukimya, nyonga mia na nne.
Mwepu, kifua tisini na sita, mkono sitini na moja.
Nguo zao zinaning'inia ukutani, hakuna aliyezifuata.
Mwepu ni mdogo wangu.
Alileta suruali ipunguzwe, akasema, saa kumi napita.
Nimeipiga pasi Krismasi sita.
Majivu ya makala yakidondoka, nafuta, naanza upya.

Jioni Bwana Nkulu anarudi peke yake, bila orodha.
Anataka shati la sherehe. Namzungushia utepe shingoni,
nasoma, anameza mate, namba inabadilika, nasoma tena.
Kisha anasema, macho mlangoni:
Andika na la Kyungu.

Kyungu ni kitinda mimba wake, yule wa chuo,
aliyecheka, wanasema, wakati wa dakika ya kulia.
Namwambia aje mwenyewe nimpime.
Mabega arobaini na nne, anajibu. Mkono sitini na tatu.
Urefu uachie pindo, mama,
bado alikuwa anakua.

Nachomoa kalamu sikioni mwake.
Utepe ungali shingoni, hakuna kati yetu anayeuondoa.
Nageuza ukurasa, naandika.